Taulo ya Kuendea Makka

Kibarani, Kilifi
27 Juni 1985

Kwa baba yangu, Fundi Omar,

Assalamu alaykum na shikamoo nyingi. Idi imepita, lakini mkono wa idi naupeleka hivyo hivyo. Sisi huku wazima. Tumu kikohozi kimemwacha, na sasa shughuli yake ni kukimbiza kuku wa majirani na kuniletea kesi. Je, goti lako? Je, unakula, au ungali unashindia kahawa na tende kama kwamba Ramadhani haijatoka?

Habari kuwa utahiji mwaka huu ilinifikia kabla ya barua yako. Kaingu, yule kondakta wa basi, alinipigia kelele dirishani: "Mishi, babako anakwenda Makka!" Nikalia pale pale stendi, watu wakadhani nimefiwa. Umewashonea kanzu mahujaji wa Malindi tangu sijazaliwa, na sasa zamu ni yako. Alhamdulillahi.

Nimempa Kaingu huyo huyo furushi akuletee. Ni taulo mbili za ihramu, ya kujifunga na ya kujitanda. Usizidharau kwa wembamba. Aliyezichagua ni mume wangu Amin, na unajua kazi yake ni kuwatembeza Wazungu wanaotazama ndege, mara msitu wa Sokoke, mara mdomo wa mto Sabaki, wanalala mahemani na mizigo yote iko mgongoni. Alileta nyumbani taulo za kila aina. Akazilowesha, akazikamua, akazianika kwenye kamba moja, nami nikabandika maharage. Ile nene ilikuwa ingali inachuruzika jioni. Hii iliyofumwa vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki ilikauka na maharage hayajaiva. Ukiikunja yaingia ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Na kama wachelea kuwa ikilowa itaonyesha mwili, usichelee. Amin alijifunga akaingia nayo baharini, akatoka, akasimama mbele ya wavuvi akiwauliza kama kuna kitu wanakiona. Walimcheka mpaka wakakaa chini, lakini hawakuona kitu.

Pindo nimezipiga mwenyewe kwa ile cherehani uliyonipa, na kila moja nimeitia kitanzi cha kutundikia. Zivae, baba, na utuombee.

Mwanao akupendaye,
Mishi


Barani, Malindi
Mfunguo Mosi, yaani 4 Julai 1985

Mwanangu Mishi,

Waalaykumu ssalam, na marahaba. Goti liko mahali pake. Nakula. Mjukuu wangu mbusu, na kuku wa watu awaache. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Furushi lako limefika, na laiti lisingefika. Kaingu alinikabidhi barazani mbele ya wazee wote, akiwemo Abdalla wa Mambrui, ambaye tutasafiri pamoja na ambaye hajapata kuona kitu akakinyamazia. "Lifungue," wakasema, "tuone mtoto kakuletea nini." Nikalifungua kwa majivuno, mpumbavu mimi. Abdalla akaiinua ile taulo juu, akaniuliza, "Fundi, hii ni ya kuhirimia au ya kufutia sufuria?" Baraza zima likazicheka mvi zangu. Mishi, mimi kitambaa nakijua kwa vidole hata ukinifunga macho. Kitambaa kizuri kina uzito na kina heshima. Ukikishika nacho kinakushika. Hiki chako nimekishika, nikajikuta nimeshika vidole vyangu mwenyewe.

Hilo ningelimeza. Lakini nikaigeuza nikaona pindo! Pindo la cherehani pande zote, na kitanzi juu! Ihramu haishonwi, mwanangu. Mtoto wa chuoni anajua. Mimi ndiye ninayekata sanda za Barani nzima, na sanda na ihramu ni ndugu: mtu huenda kwa Mola wake bila ya sindano. Nani aliyekushauri kushona? Wala sina haja ya kuuliza. Ni huyo. Mtu aliyesilimu juzi, udhu wenyewe bado anaupapasa, ndiye wa kunichagulia mimi nguo ya kusimama nayo Arafa? Huko kwao Ganze ndiko wanakosomesha Hija? Taulo yenye kitanzi! Nikifika mbele ya Al-Kaaba niitundike wapi?

Mungu hakunijaalia mwana wa kiume. Sina wa kuniosha siku ya kufa kwangu. Alinipa wewe peke yako, nikashukuru, nikakusomesha, nikakupa na cherehani. Ukaenda ukamleta huyo, na mimi nikamtuma ami yako akasimamie nikaha kwa sababu miguu yangu ilikataa. Nikanyamaza. Leo mnanifuata mpaka kwenye nguzo ya tano ya dini yangu?

Taulo zangu nimeshapata. Kiongozi wa msafara ndiye aliyetuagizia, nene, nyeupe pe, kidole kinazama. Hizi zako nazirudisha kwa Kaingu.

Baba yako,
Omar


Kibarani, Kilifi
9 Julai 1985

Baba,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Sisi wazima, na wewe nakuombea uzima. Leo naona salamu zangu nazo zitakuwa fupi kama zako.

Furushi limerudi. Nimelia, kisha nikakasirika, na barua hii naiandika hasira haijashuka, kwa hiyo nisamehe mapema.

Aliyeshona ni mimi. Si Amin. Ni mimi, Mishi binti Omar, niliyehitimu kwa maalim wa hapo hapo Barani ukanichinjia mbuzi. Nilipokaa kwenye cherehani, Amin alisimama mlangoni akaniambia, "Mke wangu, nguo hiyo si haishonwi?" Nikamjibu, "Wewe wajua nini? Mimi ndiye mtoto wa fundi." Akanyamaza, kama anavyonyamaza kila anapoambiwa hajui. Basi huyo aliyesilimu juzi alijua, na binti yako wa kumzaa hakujua. Sasa utamtukana nani?

Na wataka kujua kwa nini nilishona? Nilipokuwa mdogo ulinichapa rula vidoleni kwa ajili ya ncha niliyoiacha wazi. "Nguo isiyo pindo ni nguo ya mvivu." Kila siku wimbo ulikuwa huo, asubuhi na jioni, mpaka nikawa nausikia usingizini. Nilipoiona ile taulo ina nyuzi zinaning'inia, mikono ilikwenda yenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, baba. Ukitaka kumlaumu mtu kwa pindo zile, kioo unacho hapo dukani kwako.

Halafu huo uzito unaousifu. Wewe nguo unaijua ikiwa imetundikwa ukutani au iko mwilini mwa bwana harusi. Hii utatembea nayo juani, utalala nayo chini, utaifua kwa maji ya birika na kuikamua kwa vidole vyako hivyo vyenye baridi yabisi. Taulo nene ni nzuri kwa mtu anayeoga akarudi kitandani kwake. Ikinywa maji haiyatapiki. Mwenye safari hatafuti taulo ya kumpendeza Abdalla wa Mambrui, hutafuta isiyomwelemea.

Pindo zote nimezifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, Amin akinivutia nguo isijikunje. Kitanzi nimekitoa. Vitundu vya sindano vimebaki; hivyo sina dawa navyo. Nakurudishia. Ukizitaka, zivae. Usipozitaka, futia hizo sufuria, lakini usinirudishie tena, maana Kaingu keshaanza kuuliza kama mimi na wewe tuna biashara ya mitumba.

Mwanao,
Mishi


Barani, Malindi
Mfunguo Mosi, yaani 17 Julai 1985

Mishi,

Waalaykumu ssalam. Goti vile vile. Tumu mpe salamu zake.

Furushi limefika. Safari hii nimelifungulia ndani, na mlango nimeufunga. Umefumua vizuri, hukuchana hata uzi mmoja wa nguo. Hilo nalisema kama fundi, si kama baba.

Lakini usidhani umenishinda. Aliyeshona ni wewe, haya, nimesikia, na kioo nimekitazama. Aliyechagua ni yeye. Mimi sitasimama mbele ya Mola wangu kwa nguo ya mtu ambaye katika harusi yake mwenyewe nilipewa taarifa, sikuulizwa. Mambo mengine hayafumuliwi kwa wembe.

Sina wakati wa barua ndefu. Mwenye kwenda Hija sharti aombe radhi kwa watu kabla ya kuondoka, nami nimeanza. Majirani nimewamaliza. Jana nilikwenda mpaka Mambrui kwa muuza samaki niliyemtukana mwaka ule wa ukame, tukalia sote wawili na akanipa samaki, changu mnono. Wiki ijayo nateremka Mombasa kudungwa sindano za safari.

Baba yako,
Omar


Kibarani, Kilifi
27 Julai 1985

Baba,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Tu wazima wa mwili.

Tulijua ungepita Jumatano. Kaingu alituambia. Amin akaomba ruhusa kazini, akamvisha Tumu gauni lake la idi, wakaenda kusimama kivukoni tangu asubuhi, kwa sababu basi la kwenda Mombasa lisilosubiri feri hapa Kilifi halijaundwa. Nilibaki nyumbani napika. Nilikupikia, baba. Wali wa nazi na papa wa kukaanga, kwa kuwa nilijiambia ukiwaona wawili wale utashuka, hata kama ni kwa kunywa maji tu.

Basi likaja likaingia foleni. Abiria wote wakateremka, huyu ananunua korosho, yule ananyoosha miguu. Wewe ukabaki kitini na goti lako. Tumu akakuona dirishani akaita, "Babu!" Ukageuza uso. Amin akaenda mpaka chini ya dirisha, akasema, "Shikamoo, baba." Watu wanamtazama. Hukuitika. Alirudia. Basi likaingia kwenye feri, na mume wangu akabaki pale amemshika mtoto mkono.

Aliporudi, unajua aliniambia nini? "Labda hakunisikia. Pale pana kelele za injini." Amekutafutia udhuru! Mimi sikutafutii. Nimekasirika mpaka wali ule sikuweza kuumeza, nikawapa wale kuku wa majirani.

Umekwenda Mambrui kwa muuza samaki! Kwa goti hilo hilo! Ukalia naye, ukala changu wake. Na kwa huyu ilikuwa ni kuteremka ngazi ya basi. Ni radhi gani hii inayochagua nyumba? Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa nimekaa chini ya meza yako ya kukatia nguo: haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe. Au hiyo nayo ilikuwa ni ya kuwafunza watoto tu?

Habari ya taulo nimekwisha nayo. Vaa utakayo. Lakini najua wazee wengi huenda Makka wakabaki huko, na mimi naogopa. Naogopa usirudi, na jambo hili likabaki lilivyo, mtoto wangu akikua akumbuke kwamba babu yake alimgeuzia uso. Nijibu kabla hujaondoka. Hata mstari mmoja.

Binti yako,
Mishi


Makka
Mfunguo Tatu, yaani 30 Agosti 1985

Mwanangu Mishi,

Assalamu alaykum kutoka mji mtukufu. Mimi mzima. Hija imetimia, Alhamdulillahi, na goti limefanya kazi ambayo halijapata kuifanya tangu liumbwe. Abdalla wa Mambrui anakusalimu, ingawa yeye ni katika watu walioniudhi na habari zake zinakuja.

Barua yako ilinifikia asubuhi ya kuondoka. Sikuijibu kwa sababu ningeijibu kwa matusi, na mtu hahirimii na matusi mdomoni. Nikaitia ndani ya begi. Furushi lako nalo nikalitia humo humo, chini kabisa, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Usitafute maana nyingine.

Sasa nikueleze nilivyoghadhibika, maana nimeghadhibika na watu wengi na wewe umo. Wa kwanza ni kiongozi wa msafara na taulo zake. Nilipozivaa nilijiona sultani. Nilipomaliza kutufu Al-Kaaba na kusai baina ya Safa na Marwa, jasho limekwisha kuingia, nikajiona punda wa mawe. Mapaja yalichubuka. Ile ya begani ilikuwa kama nimebeba mtoto aliyelala, na mtoto mwenyewe si wangu. Nikavumilia, kwani ningefanyaje, na Abdalla amevaa kama hizo hizo na haguni?

Asubuhi ya kwenda Arafa, kule Mina, nilikuwa kwenye foleni ya kuoga, ile ya kujifunga ikaniponyoka ikaangukia maji machafu ya mfereji. Nikajisitiri kwa ile ya juu, nikaenda kuifua. Kuikamua sikuweza, vidole vyangu unavijua. Abdalla akashika ncha moja nami nyingine, wazee wawili tukawa tunavutana kama watoto na kamba, na maji yanachuruzika tu. Basi linapiga honi. Kiongozi anapiga kelele, "Fundi Omar, Arafa haimngoji mtu!" Nikaogopa, Mishi. Safari hii nimeiomba maisha yangu yote, na nilisimama pale nikidhani itanipita kwa sababu ya taulo.

Nikalichimba begi. Nikavaa zako.

Sikuzihisi mwilini. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba zilikuwa humo begini siku zote na mimi natembea nachechemea. Kule Arafa, jua linapasua mawe, niliivua ile ya begani nikaifua kwa maji ya birika, nikaikamua kwa mkono mmoja, nikaitanda kwenye kamba ya hema, na Abdalla hajamaliza kahawa yake ikawa kavu. Upepo ukaiangusha mara mbili. Kile kitanzi, wallahi, nilikitafuta.

Abdalla, yule yule wa sufuria, akaipapasa akauliza, "Fundi, hii nani aliyekuchagulia?" Nikamjibu, "Mkwe wangu." Lilitoka lenyewe, kabla sijalizuia. Akaniambia, "Kumbe una mkwe? Miaka yote hii barazani, mbona hatujakusikia ukimtaja?" Nikataka kumgombeza, nikakumbuka nimo ndani ya ihramu na ugomvi ni haramu. Nikatoka nje ya hema. Vidole vyangu vikawa vinapita juu ya vile vitundu vya sindano, kimoja baada ya kingine, nikalia. Watu wote kule wanalia, hakuna aliyenitazama.

Na ngoja nikupe la kukukasirisha na wewe. Nilimuuliza sheikh mmoja wa huku habari ya pindo. Akacheka. Ameniambia pindo halina neno. Kinachokatazwa kwa mwanamume ni nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu na suruali. Kwa hiyo mimi nilikosea kukurudishia, wewe ulikosea kufumua, na aliyekuuliza pale mlangoni alikosea vile vile, ila kwa adabu kuliko sisi sote.

Kuhusu kivukoni. Umeniandikia maneno yangu mwenyewe, na nimeyasoma hapa mpaka karatasi imechanika penye kunjo. Mwambie nilimsikia. Mara zote mbili. Asinitafutie udhuru wa injini, mimi si kiziwi. Salamu yake ilistahili jibu, na jibu limechelewa, lakini naliandika: marahaba. Ya pili nayo: marahaba. Namtaka radhi. Akikataa ana haki, na nitamwomba tena kwa mdomo wangu mbele ya huyo mtoto niliyemgeuzia uso.

Taulo nimezichovya katika maji ya Zamzam kama wafanyavyo mahujaji, zimekauka, na nazirudisha nyumbani ziwe sanda yangu. Nimezipima, urefu unatosha. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu; cha tatu nitakikata mwenyewe, na ole wake atakayekipiga pindo. Nilikwambia sina mwana wa kiume wa kuniosha. Jambo hilo limenikosesha raha kuliko ulivyojua. Basi siku yangu ikifika, wazee wa barazani wasiniguse, na Abdalla kabisa. Mwambie mumeo, nami nitamwita Kambi, maana hilo ndilo jina alilopewa na babake kabla hajasilimu na halina dhambi ndani yake, kwamba atakayeniosha ni yeye. Najua hajui kuosha maiti. Atajifunza. Nitamfundisha mwenyewe ningali hai, na akikosea nitamgombeza kama ninavyomgombeza mtu wa kwangu.

Tukifika Mombasa nitampa Kaingu habari ya basi nitakalopanda. Pika wali, na hao kuku wasipewe. Kambi naye aje kivukoni. Safari hii nitateremka.

Baba yenu,
Omar